Kompyuta Iliyopona Nairobi

Mvi zilinikuta bado sijavuka Voi. Nairobi nilikuwa naijua kwa redio na kwa simulizi za madereva wa malori, na sikuona haja ya kwenda. Kilichonipeleka ni kompyuta, tena si yangu: ni ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Likoni, aliyedunduliza ujira wa kibarua cha bandarini mpaka akamudu kuinunua, iliyokwishatumika, kwa kijana mwenziwe wa Nairobi.

Ni kasha jeusi lenye ubavu wa kioo na taa za rangi ndani, zito kama nini. Prosesa yake ni Intel Core i7-8700K, ya mwaka 2017. Hiyo herufi K ya mwisho ina maana kwamba mwenye mashine ameruhusiwa kuongeza kasi mwenyewe kupita ile ya kiwandani. Ikiachwa ilivyo, viini vyake 6 vikifanya kazi pamoja hukimbia kwa gigahazi 4.3. Muuzaji alikuwa ameipandisha mpaka 5.0. RAM nazo zimeandikwa 3200 ubavuni, yeye akaziweka 3600. Vijana wanaita mambo hayo ovakloki, na muuzaji hakumficha mpwa wangu hata chembe; alijisifia, akasema ameitumia hivyo miaka na haijawahi kumwangusha.

Likoni ilifika wakati wa kaskazi. Siku za mwanzo zilikuwa za raha, kisha ikaanza visa. Uko katikati ya kona kwenye Forza, gemu inajifunga. Haiandiki neno, haitoi onyo. Skrini inarudi kwenye Windows kana kwamba hukuwa ukicheza chochote. Ukifungua Tekken utapigana leo saa tatu nzima, na kesho raundi ya pili haimaliziki. Mara nyingine inatokea skrini ya buluu na mashine yote inajiwasha upya. Mpwa wangu alitafuta mpangilio wa mambo hayo akaukosa.

Fundi wa kwanza, wa huku huku Mombasa, alianza kwa kulaumu gemu. Ikafutwa ikapakuliwa upya, zaidi ya gigabaiti 100, na anayenunua bando za simu anajua hiyo ni gharama ya namna gani. Akalaumu draiva ya kadi ya picha, akaibadilisha. Akaweka Windows upya. Akauza pawa saplai mpya kwa kisingizio cha umeme wa mtaani. Mwisho akatoa hukumu kwamba madabodi imekufa na itafutwe nyingine.

"Mjomba," mpwa wangu akaniambia, "kitu kilichokufa kinachezaje saa tatu?"

Hoja hiyo sikuwa na jibu lake. Naye alikuwa amesikia habari za fundi mmoja mwanamke wa Luthuli Avenue, Nairobi, ambaye kazi yake hasa ni mashine zilizokimbizwa. Kuituma kwa basi hakutaka kusikia, kwa sababu kadi ya picha ya mashine kama hiyo ni nzito, nayo imeshikiliwa na skrubu chache na mdomo mmoja wa plastiki. Tuta moja baya linatosha kuing'oa. Dada yangu hakutaka mwanawe asafiri peke yake na kitu cha thamani. Basi jina langu likatajwa.

Ilikuwa Julai, kusi linavuma. Tulivuka kivuko cha Likoni alfajiri tumeshika kasha mbele na nyuma kama jeneza la mtoto, limevingirishwa blanketi na kukazwa kwa leso mbili za dada yangu, watu wakitupisha kwa adabu isiyotustahili. Ng'ambo tukapata tuktuk hadi stesheni ya treni ya Miritini.

Kabla hujaingia stesheni ile, abiria huweka mizigo chini kwa mstari na kusogea kando, kisha mbwa wa polisi hupita wakinusa. Mbwa alifika kwenye kasha letu akasimama. Akanusa blanketi. Akazunguka upande wa pili akanusa tena, na mpwa wangu nikamwona ameacha kupumua. Mbwa akapiga chafya akaendelea na kazi. Kwenye mashine ya eksirei askari akainua macho kutoka kwenye skrini yake.

"Hii ni nini yenye feni nyingi hivi?"

"Kompyuta, afande."

"Ya ofisi gani?"

"Ya gemu, afande."

Afande alinitazama mimi, mtu mzima na kofia yangu ya vito, kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama kasha. Kisha akatupungia tupite.

Tulikuwa daraja la kawaida, treni ya saa mbili asubuhi inayosimama vituo. Reli ya mkoloni ilianza kujengwa kutoka Mombasa 1896 ikafika Nairobi 1899. Hii mpya ilianza kubeba abiria Juni 2017, na kilomita zake 472 inazimaliza kwa saa sita hivi. Mpwa wangu aliketi dirishani, mguu mmoja umelikumbatia kasha. Mariakani ikapita, Miasenyi ikapita. Baada ya Voi kila nilichokiona kilikuwa kipya kwangu: udongo mwekundu wa Tsavo, ndovu wawili waliojipaka udongo huo huo, na yale mapito makubwa yaliyoachwa chini ya tuta la reli ili wanyama wavuke. Niliyatazama kwa choyo, maana nilijua sitarudi karibuni.

Mpwa wangu alikuwa na mazungumzo yake. Alinieleza kwamba mambo haya ya kukimbiza prosesa hayakuanza jana. Mwaka 1998 kulikuwa na prosesa ya bei ya chini, Celeron 300A, iliyouzwa kwa megahazi 300. Watu wakabadilisha mpangilio mmoja tu kwenye madabodi, kutoka 66 kwenda 100, ikakimbia 450 na kupambana na zilizouzwa kwa bei ya juu zaidi. Tangu hapo, akasema, kila kijana anaamini kiwandani wanambania. Kampuni huweka kasi ambayo prosesa mbovu kuliko zote za kundi lile itaimudu popote duniani, kiangazi na masika. Yako ikiwa nzuri kuliko hiyo, kuna ziada ndani yake, na ziada hiyo ndiyo wanayoichimba.

"Na ukichimba mpaka mwisho?"

"Unarudi hatua moja, mjomba. Ukiona imetulia, unaacha hapo."

Maneno hayo niliyaweka akiba.

Kufika Mtito Andei watu walianza kuvaa masweta. Emali mimi nilikuwa nimejikunyata. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Julai yake ni ya mawingu. Tuliposhuka Syokimau pumzi ikatoka mdomoni kama moshi mwepesi, jambo ambalo mtu wa Likoni halioni ila kwenye sinema. Tukaingia treni ya mjini, na jua likielekea magharibi tukawa Pangani kwa binamu yangu.

Usiku ule mpwa wangu aliiunganisha kompyuta na televisheni ya binamu ili ahakikishe haikuumia njiani. Akafungua Forza. Nikalala nikaamka, anacheza. Watoto wa binamu wakaingia zamu, wakatoka, wakaingia Tekken. Adhana ya alfajiri ikatukuta inachezwa, na haikujifunga hata mara moja.

Uso wa mpwa wangu ulikuwa wa mtu aliyefiwa. "Mjomba, tutaonekana waongo. Tumepanda treni kuleta kompyuta nzima kwa fundi."

Luthuli Avenue sikuwa nimeifikiria hivyo. Ghorofa baada ya ghorofa za spika, betri, kamera, waya, na kila mlango unaimba wimbo wake. Fundi alikuwa ghorofa ya pili, chumba cha upana wa kitanda, mwanamke wa miaka thelathini na kitu amevaa jaketi la baridi na glavu zisizo na vidole. Alinikaribisha "mzee", akanipa stuli pekee iliyokuwepo, akamgeukia kijana. Hakuigusa kompyuta. Aliuliza maswali.

"Imenunuliwa wapi?"

"Hapa Nairobi."

"Aliyekuuzia alikuwa akiitumia wapi?"

"Hapa hapa."

"Inazimika zaidi miezi gani?"

Mpwa wangu akanyamaza. Mimi nikajibu, kwa sababu mwezi wa Ramadhani nilikuwa kwao na nilisikia laana zake: kaskazi ilikuwa kila siku; kusi lilipoingia ikapungua. Fundi akatikisa kichwa.

"Na jana usiku?"

"Imepona," mpwa wangu akasema kwa aibu.

"Haijapona. Imepata baridi."

Ndipo akaiwasha. Alichofungua kwanza si gemu, ni daftari la matukio ambamo Windows huandika kila kilichoanguka. Akatuonyesha kwa kidole. Siku moja iliyoanguka ni gemu yenyewe, siku nyingine faili la Windows linaloitwa ntdll.dll, siku nyingine ni kivinjari cha intaneti kilichokuwa kimefunguliwa tu pembeni. Lakini namba ya kosa karibu kote ni moja, 0xc0000005: programu imejaribu kusoma au kuandika mahali pasipo pake kwenye kumbukumbu.

"Kosa lile lile, mshtakiwa kila siku mwingine," fundi akasema. "Gemu ikiwa na kasoro yake huanguka pale pale kila siku. Hapa kuna kitu chini yao wote kinawapa habari za uongo."

Nilipenda fundi anayefikiri kwa sauti. Alitueleza kwamba kila tundu la kumbukumbu ya RAM hushika chaji ndogo mno, nayo huvuja. Ndiyo sababu mashine hulazimika kuijaza upya, kila tundu, ndani ya kila milisekunde 64. Joto likizidi, uvujaji unazidi. Utaratibu wa kawaida unataka RAM ikivuka nyuzi 85 ijazwe mara mbili zaidi. Lakini hiyo ni RAM inayokwenda kwa kasi iliyoandikwa ubavuni. Ukiikimbiza na kuibana nafasi zake za kupumua, mpaka wa joto unashuka, na unashuka kiasi gani hakuna karatasi ya kiwandani itakayokwambia. Sifuri moja ikigeuka moja kwenye rangi ya ukuta ndani ya gemu, huoni kitu. Ikigeuka kwenye anwani ambayo programu inataka kuiendea, programu imekwisha. Mpwa wangu hakupata mpangilio kwa sababu kila siku vitu hupakiwa mahali tofauti ndani ya RAM.

Kijana akamuuliza juu ya zile habari za mwaka 2024, prosesa za Intel zilizokuwa zikiangusha gemu, mpaka kampuni ikakiri kwamba zilikuwa zikiomba volti kupita kiasi na kuongeza miaka 2 ya dhamana. "Hizo ni za kizazi cha 13 na cha 14," fundi akamkata. "Yako ni ya 8. Usiiazimie magonjwa ya jirani."

Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ndilo lililolipa nauli. Alitoka akarudi na katoni kubwa la televisheni, akalitoboa tundu la waya na jingine la kipimajoto, akaifunika kompyuta yote. Ndani akawasha programu mbili pamoja: FurMark inayoichosha kadi ya picha mpaka itoe joto lake lote, na nyingine inayojaza RAM kwa namba na kuzisoma tena kuona kama zimebadilika. Alisema watu wengi huipima RAM kwa flashi ya MemTest86, usiku kucha, kadi ya picha ikiwa imelala, kisha wanaapa kwamba RAM ni nzima. Wakati wa gemu ile kadi iko chini ya RAM inazipulizia moto.

Chumbani kulikuwa na nyuzi 18. Ndani ya katoni zikapanda 24, 28, 33. Hapo akainua kona moja ya katoni ili zisizidi.

"Karibuni Mombasa," akasema.

Tukangoja. Kwenye skrini tuliona prosesa ikipanda kutoka 79 hadi 94, na RAM kutoka 39 hadi 54. Joto la vyombo hivi hufuata joto la chumba karibu nyuzi kwa nyuzi: chumba kikipanda 15, nao hupanda 15. Haikupita nusu saa mstari mwekundu ukatokea: namba iliyoandikwa si namba iliyosomwa. Ukafuata wa pili. Fundi akaondoa katoni, akaacha programu ziendelee. Mashine ikapoa, na mistari ikaacha kuongezeka.

Mpwa wangu aliruka juu kwa furaha ya kuiona kompyuta yake ikikosea.

Fundi hakuridhika. Aliirudisha prosesa kwenye kasi ya kiwandani akaziacha RAM 3600, akafunika tena, makosa yakarudi. Akafanya kinyume: RAM 3200, prosesa 5.0. Safari hii RAM hazikukosea, lakini kwenye daftari la Windows likatokea onyo la WHEA, namba 19, kosa la ndani ya prosesa lililosahihishwa papo hapo. Alichukua penseli akamwandikia kijana hesabu kwenye ubavu wa katoni. Moto wa prosesa hupanda pamoja na kasi na pamoja na volti, ila volti inazidishwa kwa yenyewe. Kutoka gigahazi 4.3 hadi 5.0 ni ongezeko la asilimia 16. Ili ifike huko, muuzaji aliipa volti 1.35 badala ya 1.20. Zidisha: moto umeongezeka karibu nusu. Nusu ya moto kwa asilimia 16 za kasi, tena katika mji ambao hewa yenyewe ina nyuzi 33.

Hakubadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja hata mara moja, na kila alichobadilisha alikiandika. Yule wa Mombasa alibadilisha kila kitu ila BIOS, inamowekwa mipangilio hiyo ya kasi.

Nilimuuliza kama muuzaji alitudanganya. Akacheka. "Hapana, mzee. Yeye alirudi hatua moja pale ilipotulia. Lakini ilitulia Nairobi." Akaongeza kwamba hewa ya huku juu ni nyepesi na feni hupoza kidogo kuliko zinavyopoza pwani kwa hewa ya joto lile lile, ila baridi inafidia na kuzidi.

Mwisho aliiweka prosesa 4.7 kwa volti 1.22 na RAM kwenye 3200 yake ya halali, akafuta vumbi, akabadilisha pesti ya kijivu iliyokuwa imekauka juu ya prosesa. Akaifunika tena, na safari hii akawasha Prime95. Programu hiyo haikuandikwa kwa ajili ya mafundi. George Woltman aliiandika kwa mradi wake wa kutafuta namba tasa kubwa, ulioanza mwaka 1996. Kwa kuwa hesabu hizo haziruhusu hata kosa moja, ndani yake mna jaribio la kuitesa mashine ili ijulikane kama inaweza kuaminiwa. Tukaenda kula pilau River Road, tukarudi, imetulia. Tukaswali alasiri, tukarudi, imetulia. Malipo yake yalikuwa kidogo kuliko ile pawa saplai tuliyouziwa bure.

Tulirudi kwa treni ya usiku, kwa hiyo Tsavo sikuiona tena. Likoni mpwa wangu alipima Forza: picha chache zimepungua kwa sekunde, na kwa macho yake mwenyewe haoni tofauti. Kaskazi limekuja likaondoka. Gemu haijajifunga.

Nawe unayenunua kompyuta ya gemu iliyokwishatumika bara na unaileta pwani, iwe Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja, mwombe muuzaji akufungulie BIOS mbele yako, uipige picha mipangilio ya prosesa na RAM. Ukifika nyumbani ikaanza visa, rudisha kila kitu kwenye mipangilio ya kiwandani kabla hujafuta gemu hata moja, kisha uiache icheze saa za mchana, joto likiwa kali. Na fundi akikwambia ununue madabodi mpya kabla hajagusa BIOS, mshukuru, ubebe kasha lako uondoke.